Chini ya Marumaru

Mwezi uliopita mdogo wangu wa Morogoro alinitumia picha saba za marumaru. Nyeupe zenye mishipa ya kijivu, za kahawia mfano wa mbao, nyingine zinang'aa hadi unaziona taa za dukani ndani yake. Chini ya picha akaandika: "Dada, nichagulie. Baba mkwe anahamia kwetu, nataka nimtengenezee bafu kabla hajafika. Nina milioni mbili."

Nilizitazama nikiwa nimesimama jikoni. Kabla sijajibu neno, ikanirudia sauti ya mama nyuma ya mlango wa bafu, akisema taratibu kama mtu anayeomba radhi: "Msisukume. Nipo hapa hapa mlangoni."

Ilikuwa alfajiri, Juni 2020, nyumbani kwetu Tabata. Bafu lile alilijenga marehemu baba mwaka 1994, mita 2.4 kwa 1.8, choo na bafu pamoja, sakafu ya saruji iliyosuguliwa kwa miaka mingi hadi ikawa laini kama sahani. Mlango wake ulifungukia ndani. Mama, mwenye miaka 70 wakati ule, alikuwa amemaliza kuoga, mguu ukamponyoka, akaanguka na kulala akiwa ameuziba mlango. Kila tulipousukuma, tulikuwa tunamsukuma yeye. Ilibidi kijana wa jirani achomoe vioo vya luva kimoja kimoja, apenye dirishani, amwinue na kumsogeza ndipo mlango ukafunguka. Mama alikuwa amejifunika khanga kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umevunjika kwenye kifundo.

Alifungwa hogo wiki sita. Katika wiki hizo nilimwogesha mimi, na ndipo nilipoliona bafu la nyumbani kwetu kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimeoga humo tangu nikiwa msichana. Niliona kwamba hakuna mahali pa kushika. Niliona maji yanatuama kwenye kona ya mlangoni, yaani mbali kabisa na tundu la kutolea maji. Nikaamua, likitoka hogo, bafu nalo litengenezwe.

Nilichukua daftari la shule, maana mimi ni mwalimu na madaftari hayakosekani nyumbani, nikaandika bajeti kwenye ukurasa mmoja. Marumaru 620,000. Choo cha kukaa na tangi lake 280,000. Sinki la kunawia 90,000. Bomba la mvua na koki 110,000. Saruji na mchanga 150,000. Ufundi 600,000. Jumla 1,850,000. Fedha zenyewe zilikuwa zinapatikana: zamu yangu ya upatu wa walimu ilikuwa inakaribia, na zilizobaki ningezikopa kwenye kikoba. Niliufunga ukurasa ule nikiwa na amani kabisa moyoni.

Kila nikiufungua sasa naona jambo lilelile. Vitu vingi nilivyoviandika ni vile ambavyo mgeni akiingia bafuni ataviona kwa macho. Hakuna bomba la maji machafu katika orodha ile, hakuna chemba, hakuna kubomoa wala kubeba kifusi. Mlango hakuna. Na mama mwenyewe, ambaye kwa ajili yake ndiyo nilikuwa natafuta pesa, hayumo popote.

Kosa la pili nililifanya Kariakoo. Upatu ulipotoka mwezi Septemba, nilikwenda moja kwa moja kununua marumaru, kabla fundi hajatia hata patasi. Nilipiga hesabu ya kuta: mzunguko wa mita 8.4, nikazidisha kwa urefu wa mita 2.1, nikatoa mlango, nikapata mita za mraba 16 kasoro kidogo. Boksi moja la marumaru za ukutani, za sentimeta 30 kwa 60, lilikuwa na vipande vinane, linafunika mita 1.44. Nikanunua boksi 11, na za sakafuni nikachukua zilizong'aa kuliko zote, kwa sababu nilitaka mama apate kitu kizuri. Hesabu ilikuwa sahihi, na bado hazikutosha. Marumaru hukatwa: kwenye kona, chini ya dirisha, pale koki inapotokea. Nyingine huvunjika mkononi mwa fundi. Mafundi huongeza asilimia kumi juu ya hesabu, na mimi sikuongeza kitu. Miezi miwili baadaye nilirudi kwenye duka lilelile kununua boksi mbili za nyongeza, jina lilelile, rangi ileile kwenye karatasi. Zilipobandikwa, zilikuwa na umanjano kidogo. Muuza duka alinionyesha namba ya bechi iliyopigwa muhuri ubavuni mwa boksi. Tanuru moja halitoi rangi ileile kila siku. Mstari ule wa manjano upo mpaka leo nyuma ya choo, tuliuficha huko.

Fundi wa kwanza tulimpata kwa kuelekezwa. Kijana mchapakazi, mwenye maneno mazuri. Alikagua bafu kwa dakika kumi hivi, akasema wiki moja, akaomba advansi. Nikampa 300,000, nusu ya ufundi wote, bila karatasi. Siku ya tatu, akiwa amevunja sakafu na kung'oa choo cha zamani, aliniita nikaone.

Bomba la baba lilikuwa limepasuka kwa chini. Sijui tangu lini. Udongo wote chini ya bafu ulikuwa mweusi, umelowa, na harufu yake ilitufuata hadi sebuleni. Nje, chemba ya kwanza ilikuwa imejaa mizizi ya mwarobaini. Ilikuwa imeingia kupitia kiungio cha bomba ikitafuta maji, ikasokotana humo ndani kama nywele. Unyevu uliokuwa ukipanda ukutani chumbani kwa mama, rangi iliyobabuka kila baada ya masika tukapaka tena na tena: vyote chanzo chake kilikuwa hapo. Kwa miaka mingi tulikuwa tunanunua rangi ya kutibu bomba.

Fundi alisema kazi hiyo haikuwamo katika makubaliano, na alisema kweli. Tukabishana kidogo kuhusu bei. Kesho yake akasema ana kazi ya siku mbili Mbagala, atarudi. Hakurudi. Simu ikawa inaita bila kupokelewa, kisha haiiti kabisa. Kazi aliyokuwa ameifanya, kwa bei za mafundi wa mtaani, haikufika 90,000.

Nilikasirika sana siku zile, na sasa sioni kama hasira ile ilikuwa na msaada. Nilichokuwa nimekifanya ni kumlipa mtu kwa ajili ya kazi ambayo sisi wote wawili hatujaiona. Mwenye kujua kilichoko chini ya sakafu hakuwapo, alikwishafariki. Laiti ningetenga kwanza fedha ndogo ya kuvunja na kukagua, shilingi 50,000 au 100,000, halafu ndiyo tukae tuandikiane, yule kijana angekuwa na bei ya haki na mimi ningekuwa na bajeti ya kweli. Tangu hapo sijalipa fundi kwa ahadi ya siku. Ninalipa kwa hatua: mabomba yamelazwa na kujaribiwa, kiasi fulani, sakafu imekaa, kiasi fulani, na sehemu ya mwisho inabaki hadi bafu limetumika wiki nzima.

Sakafu ikakaa wazi wiki tatu. Hapo ndipo nilipofahamu gharama ambayo sijawahi kuiona kwenye bajeti ya mtu yeyote: wenye nyumba wataoga wapi, na watajisaidia wapi? Watoto walijifunza kujibana hadi shuleni. Mama, mkono umetoka hogo si muda mrefu, alivuka uchochoro na ndoo yake kila asubuhi na jioni kwenda kwa jirani. Jirani hakudai hata senti. Alimwekea kigoda bafuni, akawa anawaambia watu wa kwake wasiingie kabla bibi hajaja. Lakini usiku mama aliacha kunywa maji kuanzia saa kumi na mbili jioni, ili asije akabanwa na kulazimika kuvuka gizani. Nililigundua hilo kwa bahati tu, nilipoona kikombe chake kimejaa siku tatu mfululizo. Mzee kukaa na kiu katika joto la Dar es Salaam la mwezi Oktoba ni hatari kubwa. Nilijiona nimemkosea sana.

Na mwezi Novemba saruji ikapanda bei nchi nzima, hadi serikali ikaagiza uchunguzi. Mfuko tuliokuwa tukiununua kwa elfu kumi na tano na ushei, dukani kwetu ukafika elfu ishirini. Tulihitaji mifuko minane tu, na bado nilihisi kila mmoja.

Fundi wa pili alikuwa mzee, mfupi, mwenye pimamaji la mbao lililochakaa na penseli nyekundu sikioni. Nilimpeleka bafuni. Aliangalia shimo, akaangalia marumaru zangu zilizopangwa ukumbini, akaokota moja ya sakafuni, akaimwagia maji ya kikombe, akapitisha kidole gumba. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza tangu Juni.

"Nani anaoga humu?"

Nikamwita mama. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana kwao. Kumbe wote wawili wamekulia Kilosa. Fundi akamwomba akae kwenye kiti cha plastiki, akapima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti: sentimeta 43. Akaandika ukutani. Halafu akachukua chokaa kavu ya unga kwenye mfuko, akampaka mama kiganja cha kulia, kile kizima.

"Sasa dada yangu, inuka. Usifikirie. Inuka kama unavyoinuka siku zote."

Mama akainuka, na mkono ukaenda wenyewe ukutani. Pakabaki alama nyeupe ya kiganja, vidole vitano vimetawanyika. Fundi akampaka tena, akamwambia atembee kutoka mlangoni hadi mahali pa kuogea, apinde, aingie, ageuke. Alipomaliza, kulikuwa na viganja vinne kwenye ukuta ule wa kijivu. Mzee akaizungushia kila alama duara la penseli nyekundu.

"Vyuma vya kushikia vinakaa hapo," akaniambia. "Si pale panapopendeza. Hapo."

Nilisimama mlangoni nikiitazama ramani ile ya mama yangu ukutani. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote na sikujua mkono wake huenda wapi anapoogopa kuanguka. Kama kuna mtu anataka kupanga bafu la mzee, namwomba kwa moyo wote aanze na chokaa hiyo. Haina gharama, na hakuna duka litakalomwonyesha kitu cha maana zaidi.

Marumaru zile zinazong'aa fundi alizikataa katakata kwa sakafu. Nilimwuzia jirani mwingine kwa hasara, azibandike ukutani jikoni kwake, nikanunua za mikwaruzo zisizovutia macho. Mlango akaugeuza ufungukie nje, na akaupanua kidogo. Ulitugharimu 220,000 pamoja na fremu, nami nilisita. Akanijibu kwamba mlango unaofungukia ndani ya chumba kidogo ni mzuri hadi siku ambayo mtu ameanguka nyuma yake. Hakuwa amesimuliwa habari za Juni.

Kuhusu sakafu alikuwa mkali zaidi. Kila mita moja, alisema, lazima ishuke sentimeta mbili kuelekea kwenye tundu. Kutoka mlangoni hadi tundu letu ni mita 2.4, kwa hiyo upande mmoja ulitakiwa uwe chini kwa karibu sentimeta tano kuliko mwingine. Alivuta kamba, akapima, akafuta, akapima tena, siku nzima imekwisha na hakuna marumaru hata moja iliyobandikwa. Chini ya tundu na chini ya sinki aliweka mabomba yaliyopindwa kama shingo ya bata. Mafundi huyaita trapu. Maji kidogo hubaki kwenye ule mpindo muda wote na kuizuia hewa chafu isirudi ndani. Mtu aliyesajili choo chenye mpindo wa namna hiyo, Mskoti Alexander Cumming, mwaka 1775, alikuwa fundi saa. Hilo nililijua kutoka vitabuni, lakini bafu letu la zamani, ninalolipenda kwa sababu ya aliyelijenga, halikuwa na mpindo popote. Harufu tuliyokuwa tukiipigia dawa kila Jumamosi ilikuwa inapanda kwa njia iliyo wazi.

Kisha akapaka dawa ya kuzuia maji, mikono miwili, sakafuni na ukutani hadi kiunoni. Ilipokauka akaziba tundu kwa tambara na mfuko wa nailoni, akajenga kizuizi cha udongo mlangoni, akajaza maji sentimeta tano upande wa chini. Akachora mstari wa penseli pale maji yalipofikia ukutani.

"Kesho saa hizi," akasema, akaondoka zake.

Usiku ule niliamka mara mbili kwenda kumulika mstari kwa simu. Asubuhi maji yalikuwa palepale. Mzee alipofika hakusema kitu, alivua viatu, akaingia majini kutoa tambara, na yale maji yakaondoka yote bila kubaki hata tone mlangoni. Dawa ile ilitugharimu 160,000. Hakuna mgeni atakayeiona kamwe.

Jioni hiyo mama alinisimulia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Mwaka 1973, akiwa binti wa miaka 23 kijijini, walikuwa wakikusanyika chini ya mti kusikiliza redio moja ya mwalimu, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchini walikaa kwenye vikundi kama hivyo, kipindi kikiisha wanajadiliana, halafu wanakwenda kufanya. Kundi lao lilichimba vyoo. Mabishano makubwa, alisema, yalikuwa ni choo kichimbwe wapi: maji ya mvua yanapita njia gani, kisima kiko upande gani, bibi wa nyumba ile ataweza kufika usiku? Walibishana siku mbili kabla ya kushika jembe. "Kuchimba kwenyewe kulikuwa siku moja," akasema. Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Nyie mna pesa, ndiyo maana mnaanza na jembe."

Mwishoni nilijumlisha risiti zote. 3,420,000. Niliketi na daftari nikitafuta ile 1,570,000 iliyozidi imetoka wapi. Mabomba na chemba mpya peke yake 540,000. Kifusi 130,000. Dawa, mlango, vyuma, marumaru za kununua upya, advansi iliyopotea. Vilivyonitoa jasho havikuwa vile vya kupendeza. Choo na sinki vilikaa kwenye bei yake ileile. Karibu nyongeza yote ilitoka chini ya sakafu, nyuma ya ukuta, au kwenye haraka yangu. Deni la kikoba nililimaliza Agosti iliyofuata.

Mwaka 2022, mvua zilipokosekana na Mto Ruvu ukapungua, Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Mtaani kwetu mabomba yalikauka siku kwa siku. Kwa majirani kadhaa waliokuwa na bafu za kisasa zaidi ya letu, choo kikawa mzigo. Kwetu fundi mzee alikuwa ametulazimisha tuache nafasi ya pipa la lita 200 kwenye kona, lenye koki yake chini, na kando ya choo ukingo mdogo wa zege, urefu wa goti, wa kuwekea ndoo ili mama asiiname. Mwaka 2020 niliuona ukingo ule unaharibu sura ya bafu. Katika mgao, mama aliweza kuoga na kusafisha choo mwenyewe, bila kuita mtu. Kwa mzee, hiyo ni heshima yake yote.

Mama bado anaishi na anaoga peke yake. Anapoinuka, mkono unakwenda wenyewe kwenye chuma.

Kwa hiyo sikumchagulia mdogo wangu marumaru. Nilimpigia simu, tukazungumza karibu saa nzima. Nilimwuliza baba mkwe ana urefu gani, anatumia mkono upi, usiku huamka mara ngapi. Hakujua. Nikamwambia amwulize mkewe, na zile milioni mbili asizigawe kwanza. Atenge laki nne pembeni asizihesabu kabisa, na laki moja nyingine ya kuvunja na kukagua. Na apatafute mapema pa kuogea wakati sakafu iko wazi. Alinyamaza, nikasikia anaandika.

Juzi usiku alinitumia picha nyingine. Hapakuwa na marumaru. Ni sakafu ya kijivu imejaa maji, na ukutani mstari wa penseli. Jana asubuhi ikaja ya pili, ukuta uleule, ameweka kidole gumba kati ya mstari na maji. Yalikuwa yameshuka unene wa kidole chenyewe.

"Dada, fundi anasema ni joto tu, tubandike."

Nikamwandikia: "Mwambie asibandike hata moja. Nakuja na basi la saa nne."